Kusoma karatasi ya solfa: anza na mapigo, herufi zitafuata

Wanakwaya wengi wanajua do re mi fa so la ti tangu utotoni. Wape karatasi mpya ya solfa, yaani wimbo ulioandikwa kwa herufi d r m f s l t, watataja herufi zote bila kukosea, na wimbo bado hautoki. Kinachowashinda ni zile nukta, mikato na vistari vilivyojaa kati ya herufi, ambavyo macho yameshazoea kuviruka. Mimi nikifundisha wageni kwenye kwaya, huko ndiko ninakoanzia.

Historia kidogo, maana watu huuliza. Solfa hii ya herufi ilitokana na kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao melodia yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliuandika kwa solfa. Tena huhitaji karatasi maalumu: taipureta yoyote inaiandika, na siku hizi hata ujumbe wa simu.

Hatua ya 1: Soma kichwa cha karatasi

Pale juu utakuta kitu kama "Do = G, 3/4". Do = G maana yake do ya wimbo huu ni sauti ya G ya kinanda. Fungua programu ya kinanda kwenye simu, bonyeza G, imba do hapohapo. Kwaya inayookota do popote hujuta soprano wanapofika kwenye noti za juu, au besi wanapozama chini wasisikike.

Ukikuta "La = E", wimbo ni wa maina (minor kwa Kiingereza), na mara nyingi utatulia kwenye la. 3/4 inakwambia kila fungu lina mapigo matatu. Fungu ni kile kipande kilichomo kati ya mistari miwili ya wima.

Hatua ya 2: Piga mapigo kabla ya kuimba

Chukua mstari huu:

| s : s . l : s | m : – : r | d : – . r : m | r : – : ‖

Usiimbe. Gonga meza kwa mkono, mwendo mmoja usiobadilika, huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Pigo la kwanza la kila fungu lipe uzito kidogo. Sasa tamka "pa" kila unapokutana na herufi.

Nukta mbili (:) hutenga pigo na pigo. Nukta moja (.) hukata pigo nusu kwa nusu. Kwa hiyo fungu la kwanza ni pa, pa-pa, pa: so inachukua pigo zima, so na la zinagawana pigo la pili, kisha so tena. Fungu la pili lina kistari. Kistari husema "endelea kushika sauti", basi mi inakaa mapigo mawili na re moja.

Fungu la tatu ndilo linaloangusha watu. Do inachukua pigo zima, kistari kinaivusha hadi nusu ya pigo la pili, kisha re inaingia kwenye nusu iliyobaki. Jumla do ina pigo moja na nusu. Mkono ukigonga pigo la pili, mdomo hausemi kitu kipya. Re inatokea mkono ukiwa hewani. Rudia fungu hili peke yake hadi mkono na mdomo viache kugombana.

Fungu la mwisho: re mapigo mawili, halafu baada ya nukta mbili hakuna kitu. Patupu ni kimya. Funga mdomo, vuta pumzi. Ukisikia kwaya ambayo nusu yao wananyamaza na nusu bado wanavuta, mara nyingi ni kwa sababu kuna waliosoma patupu kama kistari.

Mkato (,) hukata nusu pigo iwe robo. Ukiona d . , r ujue do ina robo tatu za pigo na re ina robo iliyobaki. Ule mruko wa nyimbo za maandamano. Katika nyimbo za mapigo manne utaona pia mstari mfupi katikati ya fungu. Huo haufungi fungu, unaonyesha tu pigo la tatu lina uzito wa kadiri.

Hatua ya 3: Rudisha herufi

Imba sasa kwa solfa, kisha kwa maneno. Kialama juu ya herufi (d') huipandisha oktava moja, yaani hadi do ya juu inayofuata. Kialama chini yake (s,) huishusha. Angalia vizuri karatasi zilizochapwa kwa haraka: mkato wa oktava hugandana na herufi, mkato wa robo hukaa peke yake. Mstari chini ya herufi mbili unasema zote ni za silabi moja.

Fe ni fa iliyopandishwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), na mara nyingi inaelekea so. Ta ni ti iliyoshushwa, hupenda kuangukia la.

Ukikuta herufi ndogo imebandikwa kushoto kwa kubwa, kwa mfano ˢd, wimbo unahama ufunguo: imba sauti ileile ya so, lakini iite do, uendelee kutoka hapo.

Hatua ya 4: Maneno ya Kiitaliano

Piano (p) ni kwa sauti ndogo, forte (f) ni kwa nguvu. Mp na mf zimo katikati. Ile f ya nguvu hukaa juu ya mstari wa solfa na kwa kawaida imelala, wakati fa husimama ndani ya pigo lake. Nimesikia watu wakiimba forte kana kwamba ni fa.

Cresc. ongeza sauti polepole, dim. punguza. Rit. punguza mwendo, a tempo rudi kwenye mwendo wa awali. D.C. rudi mwanzo kabisa, D.S. rudi kwenye alama ya S iliyokatwa. Zote mbili, ukifika penye Fine, umemaliza. Nusu duara yenye nukta ndani: shikilia mpaka mwalimu akate, kwa hiyo mtazame yeye, siyo karatasi.

Hatua ya 5: Vuka kwenda mistari mitano

Karatasi ya mistari mitano, ile ya noti zenye vichwa na mikia, haina herufi, lakini do yako imo. Tazama alama zilizopangwa mwanzoni. Kama ni shapu (♯), ile ya mwisho kulia ni ti, na do ipo nusu toni juu yake: shapu mbili ni F na C, C shapu ni ti, basi do ni D. Kama ni flati (♭), ya mwisho ni fa na ya pili kutoka mwisho ndiyo do. Flati moja: do ni F. Hakuna alama yoyote: do ni C.

Kutoka do, kila mstari na kila nafasi ni hatua moja, re, mi, fa, mpaka juu. Ziandike kwa penseli chini ya noti za wimbo mmoja mnaoufahamu. Wimbo wa pili andika do na so tu.