Somo: Kulifungua jina "oksijeni" hadi kwenye Kigiriki chake

Kila muhula naulizwa maana ya oksijeni, nami najibu upya. Leo naandika yote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Anza na tahajia ya Kifaransa: oxygène, ya Lavoisier, mwanakemia Mfaransa aliyelitoa jina hili.

2. Likate: oksi + jeni.

3. Oxys ni -kali. Mswahili hapa hahitaji kamusi: kisu ni kikali, siki ni kali, na Wagiriki nao walitumia oxys kwa vyote viwili. Tindikali yetu imebeba ukali huohuo.

4. Jeni: Lavoisier alilitoa kwenye kitenzi cha kuzaa. Jumla: kizaa tindikali, yaani asidi.

5. HAPA NILIANGUKA. Jina hueleza alichoamini aliyelitoa, halithibitishi kitu kilivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliandika ubaoni: "Kila asidi ina oksijeni, jina lenyewe linasema." Binti mmoja akanyoosha kidole: kwenye HCl, asidi hidrokloriki, oksijeni iko wapi? Sikuwa na jibu. Lavoisier alikosea. Mwaka 1810 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alionyesha kuwa klorini ni elementi, na asidi ile ni haidrojeni na klorini basi. Kosa likafutwa, jina likabaki. Usijibu swali la kemia kwa asili ya neno. Kwenye mtihani ndiyo kabisa usithubutu.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo oksijeni ni asidi?

Hapana. Hatua ya 5.

– Lakini jina si linasema?

Hujaisoma. Irudie.

– Mwalimu, Diogenes, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, naye ana "genes". Alimzaa nani?

Swali zuri sana hili! Diogenes ni "aliyezaliwa na Zeus", mungu mkuu wa Wagiriki. Kwa Wagiriki wenyewe mwisho huo kwa kawaida ulimtaja aliyezaliwa, si mzaaji. Lavoisier ndiye aliyeugeuza. Mgiriki wa kale angesikia "mwana wa ukali". Haidrojeni imeundwa vivyo hivyo kutoka hydor, maji, nayo inasema kweli: ichome uone, yanatoka maji.

– Nyongeza wadau: helikopta msiikate heli + kopta. Ni heliko, mzunguko kama wa parafujo, na pteron, bawa.

Ahsante sana, wengi huikata vibaya. Pteron hiyo ndiyo ya pterodaktili, yule mtambaazi wa kale aliyeruka.

– Na daktili?

Kidole. Tazama picha ya mifupa yake: bawa zima limeshikiliwa na kidole kimoja kirefu.