Word ikijifunga ghafla usiku: zuia dirisha la onyo lisikwamishe skripti yako

Skripti ya Python inayogeuza mafaili ya Word kuwa PDF usiku huenda vizuri mpaka siku Word inapojifunga ghafla katikati ya kazi. Ikiwashwa tena, inauliza: mara ya mwisho haikuwaka sawasawa, je, iwake katika hali salama? Kwa kuwa Word inayowashwa na skripti huanza ikiwa imefichika, swali hilo huenda lisionekane, na usiku hakuna wa kulijibu. Asubuhi unakuta skripti bado inasubiri.

Wengi hukimbilia `DisplayAlerts = 0`, amri inayoiambia Word isionyeshe madirisha ya onyo. Iweke, ina faida yake, lakini hapa haifui dafu: swali hutokea Word inapowaka, kabla skripti haijaweza kuiamuru chochote. Chanzo kiko kwenye Rejistri ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake:

`HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Word\Resiliency`

Namba 16.0 ni ya Office 2016, 2019, 2021 na Microsoft 365. Word inapoanza kupakia kitu huweka alama chini ya `StartupItems`, na kikipakiwa salama huifuta. Ikianguka, alama inabaki.

Hatua ya 1. Ondoa Word iliyobaki kwenye kumbukumbu:

`taskkill /F /IM WINWORD.EXE`

Amri hii hufunga kila Word iliyo wazi, hata ile ambayo mwenzako anaandikia barua. Itumie kwenye kompyuta iliyotengewa kazi hii tu.

Hatua ya 2. Sasa futa alama:

`reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Word\Resiliency\StartupItems" /f`

Usibadili mpangilio huu. Kuizima Word kwa nguvu kunaweza kuacha alama mpya, kwa hiyo ukifuta kwanza umefanya kazi bure. Pia usifute `Resiliency` yote: ndani yake mna `DisabledItems`, orodha ya viongezi (add-ins) ambavyo Word imevizima kwa sababu viliisumbua. Na kwa kuwa HKCU ni ya kila mtumiaji peke yake, endesha amri kwa akaunti ileile inayoendesha skripti.

Hatua ya 3. Washa Word mpya kwa `win32com`, maktaba inayoiwezesha Python kuiamuru Word:

```
word = win32com.client.DispatchEx("Word.Application")
word.DisplayAlerts = 0
word.AutomationSecurity = 3
```

Mstari wa mwisho unazuia makro za faili (programu ndogo zilizomo ndani yake) zisijiendeshe. Fungua nakala ya faili, si faili lenyewe, na uweke `Quit()` ndani ya `finally`.

Hatua ya 4. Hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kila faili lishughulikiwe na mchakato (process) wake wa Python kupitia `subprocess.run(..., timeout=120)`, na jina lake liandikwe kwenye logi kabla halijafunguliwa. Muda ukiisha, Python huzima mchakato huo, lakini Word haizimiki, maana haikuzaliwa nao. Windows ndiyo iliyoiwasha. Rudia hatua ya 1 na ya 2, hamishia faili kwenye folda ya karantini, endelea na linalofuata. Usilijaribu tena usiku huohuo. Ukifuta alama bila kulitenga, faili bovu litaiangusha Word kila mara.

Hatua ya 5. Asubuhi, fungua mafaili ya karantini kwa mkono, ukichagua kufungua na kukarabati (Open and Repair). Likifunguka, lihifadhi kwa jina jipya, kisha lirudishe kwenye foleni.