Namna ya Kupata Diski za Urejeshaji wa Mfumo Endeshi kwa Kompyuta Iliyonunuliwa Dukani

Anayefungua boksi la kompyuta mpya hukuta mashine, chaja na kijitabu cha dhamana, lakini mara nyingi hakuti diski yoyote ya mfumo endeshi, ingawa Windows imekwisha kusakinishwa na bei yake imo katika bei aliyolipa. Nakala ya mfumo huo watengenezaji wengi huiweka katika sehemu iliyofichwa ya diski kuu ya kompyuta yenyewe. Utaratibu huo unafaa maadamu diski kuu ni nzima. Ikifa, nakala nayo imekufa, na mwenye mashine anajikuta kama mpangaji ambaye funguo zake za akiba zimefungiwa ndani ya nyumba ileile asiyoweza kuifungua. Kwa hiyo nakala ya urejeshaji inayoaminika ni ile iliyo nje ya kompyuta, na wakati mwafaka wa kuitengeneza ni leo, mashine ikiwa bado inawaka vizuri.

Kwanza ni lazima kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja la “diski ya Windows”, kwa sababu wengi hupoteza siku nzima wakitafuta kisichowafaa. Kuna seti ya kiwandani, ambayo huirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kwa mtengenezaji, pamoja na draiva zake zote (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine, kama Wi-Fi) na programu alizoziongeza. Kuna diski ya usakinishaji, ambayo ina Windows tupu ya Microsoft isiyo na chochote cha mtengenezaji. Halafu kuna diski ya ukarabati, ile ambayo Windows 7 humwezesha mtumiaji kuichoma, yaani kuiandika, katika CD moja, na ambayo hufungua zana za kurekebisha hitilafu tu: haina mfumo ndani yake, wala haiwezi kusakinisha chochote katika diski kuu mpya. Nimewaona watu wakiitunza hii ya tatu kwa miaka, wakiamini kwamba wamejikinga, na siku ya shida wakagundua kuwa hawana kitu.

Jambo la pili ni leseni. Haki ya kutumia Windows kwenye kompyuta ya dukani imefungamana na mashine, haifungamani na diski, na kwa hiyo kupoteza diski au kutowahi kuwa nayo hakumlazimu mtu kununua Windows mara ya pili. Kompyuta za wakati wa Windows 7 zina stika yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25, iliyobandikwa chini ya mashine au ndani ya nafasi ya betri. Ipige picha mapema, kwa maana maandishi yake hufutika kwa joto na msuguano. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji walianza kuuhifadhi ufunguo huo ndani ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), ambako programu ya usakinishaji huusoma yenyewe bila kumuuliza mtumiaji, mradi toleo linalosakinishwa ni lilelile lililokuja na mashine: kama lilikuwa Home, lisakinishwe Home, na kama lilikuwa Pro, lisakinishwe Pro.

Kwa kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11, kazi ni nyepesi na haihitaji DVD. Tafuta flashi ya walau GB 16, na ukiweza chukua ya GB 32 ili nafasi isikupungukie katikati ya kazi. Ondoa kila ulichonacho humo, kwa sababu flashi itafutwa yote. Andika neno RecoveryDrive katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, ufungue programu itakayotokea, uruhusu ifanye mabadiliko, kisha uhakikishe kuwa kisanduku kinachohusu kunakili faili za mfumo kimetiwa alama ya vema. Alama hiyo ndiyo roho ya zoezi zima. Ukiiacha tupu utapata flashi yenye zana za ukarabati pekee, sawa na ile diski ya tatu niliyoitaja. Unakili huweza kuchukua saa moja au zaidi, kwa hiyo kompyuta mpakato iwe kwenye umeme na isiachwe ilale. Kwa kuwa Windows hubadilika kila inaposasishwa, ni vizuri kuitengeneza flashi hii upya kila mwaka. Kumbuka pia kwamba haibebi picha, nyaraka wala programu ulizosakinisha mwenyewe. Hizo zinahitaji hifadhi yao.

Mashine za zamani zaidi zina programu ya mtengenezaji ya kuchoma seti ya kiwandani katika DVD, nayo hupatikana katika menyu ya programu kwa jina la kampuni husika. Nunua DVD tupu za kuandikwa mara moja zenye ubora mzuri, kwa sababu nyingi za programu hizo hukataa zile zinazoandikwa upya. Seti huhitaji DVD kadhaa, na kila moja iandikwe namba yake kwa kalamu ya wino laini mara tu inapotoka. Usiharakishe hatua hii, kwani kompyuta za HP za miaka ile, kwa mfano, ziliruhusu seti moja tu kutengenezwa kwa kila mashine, na diski moja ikiharibika seti nzima haina kazi. Ikiwa kisomaji cha DVD hakipo au kimekufa, kisomaji cha nje kinachochomekwa kwenye USB hufanya kazi hiyohiyo.

Tuseme umechelewa na Windows haiwaki tena. Usikate tamaa kabla ya kujaribu ile sehemu iliyofichwa, ambayo mara nyingi huwa nzima hata Windows ikiwa imeharibika. Kwenye HP nyingi hubonyezwa F11 mara baada ya kuwasha. Kwenye Acer nyingi hubonyezwa Alt pamoja na F10. Kwenye Toshiba za zamani hushikiliwa tarakimu 0. Na kompyuta mpakato nyingi za Lenovo zina kitufe kidogo cha Novo. Hata hivyo, urejeshaji wa kiwandani kwa kawaida hufuta kila kitu. Ikiwa kuna nyaraka usizoweza kuzipoteza, diski kuu itolewe kwanza na isomwe kwenye kompyuta nyingine, au ipelekwe kwa fundi, kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kukubali.

Diski kuu ikiwa imekufa kabisa, rejea kwa mtengenezaji. Dell wanatoa programu ya kutengeneza flashi ya urejeshaji kwa kutumia utambulisho wa herufi na tarakimu 7 uitwao Service Tag. HP na Lenovo wana huduma zinazofanana kwa modeli nyingi, nazo huhitaji namba ya bidhaa au namba ya mfululizo. Utahitaji kompyuta nyingine inayofanya kazi na intaneti isiyokatika, kwa sababu faili hizo ni kubwa. Kwa baadhi ya modeli, mtengenezaji huuza seti iliyo tayari kwa malipo ya diski na usafirishaji. Wasiliana naye mapema, kwani modeli inapozeeka huduma hiyo husitishwa. Ninaona njia hii ni bora kuliko kununua diski kwa muuzaji asiyejulikana mtandaoni: hujui ameingiza nini ndani yake, na seti ya kiwandani ya modeli nyingine aghalabu hukataa kufanya kazi kwenye mashine yako.

Mtengenezaji akishindwa kukusaidia, pakua programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya usakinishaji kwenye tovuti yake rasmi. Flashi ya GB 8 inatosha, lakini DVD ya kawaida ya GB 4.7 haitoshi tena. Hapo utapata Windows safi, bila programu za ziada za kiwandani, jambo ambalo binafsi nalipendelea, ila draiva nyingine utazitafuta mwenyewe katika tovuti ya mtengenezaji. Anza na draiva ya mtandao, uiweke kwenye flashi nyingine kabla ya kufuta chochote, maana kompyuta isiyo na Wi-Fi haiwezi kujipakulia zilizobaki. Seti ya kiwandani ya Windows 7, kwa upande wake, itakurudishia mfumo ambao Microsoft iliacha kuupa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Itumie kwa kazi zisizohitaji intaneti. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Flashi au diski yoyote utakayopata ijaribu kabla ya kuihifadhi: iwashe kompyuta kupitia kwayo, kwa kuchagua chanzo katika menyu ya kuanzia (F12 kwenye Dell, F9 kwenye HP nyingi), usubiri skrini ya kwanza ya urejeshaji ionekane, kisha uzime bila kuendelea. Ikiwa diski kuu imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data ili asiye na ufunguo asiisome, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute katika akaunti yako ya Microsoft sasa, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiweke mahali pamoja na flashi, ukiwa umeandika juu ya flashi modeli ya mashine na tarehe ya kuitengeneza flashi hiyo.