Ukienda kujitolea ng'ambo kabla ya kusomea udaktari

Wadogo zangu mlioko Marekani, mnaosoma shahada ya kwanza huku mkiuwinda udaktari, hili mlijue mapema. Fomu ya AMCAS, ile ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya udaktari Marekani, inakupa nafasi 15 za shughuli zako, kila moja herufi 700 tu. Zile 3 utakazoziita muhimu zaidi zinaongezewa herufi 1,325. Ukijaza "niliwasaidia wagonjwa Afrika", umeandika hewa.

Kwa hiyo ukiwa zahanati ya ng'ambo, andika kila jioni: nani alikufundisha nini, swali gani lilikushinda. Jina la mgonjwa usiliandike, wala usimpige picha. Ukipewa sindano au uzi ushone kidonda, kataa kwa heshima, hata kama muuguzi amezidiwa na foleni. Usichoruhusiwa kumfanyia mgonjwa wa Boston, usimfanyie wa Bagamoyo. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari, ina mwongozo unaoonya hivyo hivyo, na kujisifia umeshona watu kunaweza kukuharibia maombi. (Kiswahili chako hapo ni mtaji: kaa mapokezi, sikiliza watu wanavyoeleza maumivu.)

Maabarani nako, kama unafanya utafiti, daftari liwe na majaribio yaliyofeli. PCR, kipimo cha kunakili DNA mara nyingi, ikionyesha mstari kwenye sampuli ya kulinganishia isiyo na DNA, kuna uchafu umeingia. Andika ulivyousaka, kama ulianza kubadilisha maji au praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili). Hilo lina mazungumzo mengi kwenye usaili kuliko grafu iliyonyooka. Barua ya msimamizi ya kukupendekeza iombe kabla hujaondoka, angali anakukumbuka.