Shimo la tope kabla ya lambo

Anayekinga maji ya mafuriko kutoka kwenye karavati la barabara ili yajaze lambo asiyaingize moja kwa moja, bali achimbe kwanza shimo la kunasa tope, lenye urefu wa hatua tatu na kina cha kufika kiunoni, hatua chache juu ya mdomo wa lambo, kisha apange mawe upande wa kutokea ili maji yapite juu yake taratibu. Nimelijifunza hili baada ya kukuta lambo letu, huku Dodoma, limefukiwa robo nzima kwa msimu mmoja. Maji ya korongo hubeba mchanga na udongo kwa sababu ya kasi yake. Yakipunguzwa mwendo, mzigo huo hutua shimoni na lambo hubaki na kina. Kina ndicho muhimu kwetu, kwa kuwa mvua huishia Aprili na jua la miezi inayofuata hunyonya haraka lambo pana lenye maji machache.

Shimo halisaidii lisipozolewa kila baada ya mvua kubwa (tope lake, kwa bahati nzuri, linafaa bustanini), wala halizuii udongo laini kabisa wa mfinyanzi, ambao hupita ukielea. Na lambo lisilo na utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, litabomoka tuta hata likiwa na mashimo matatu. Maji ya lambo ni ya mifugo na umwagiliaji; ya kunywa yachemshwe.