Kutunga Kitabu cha Picha: Mgeni wa Mirihi Katika Migomba ya Moshi

Anayetaka kuwatungia watoto kitabu cha picha kuhusu mgeni wa angani asiyeeleweka aanze na sababu ya kutoeleweka huko, wala si umbo la mgeni. Macho matatu na ngozi ya kijani havitoshi kumshika mtoto. Kinachomshika ni kujua jambo ambalo watu wazima wa kitabuni hawalijui.

Tuseme mgeni ametoka sayari ya Mirihi na kushukia kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la nyumbani kwa Wachaga, huko Old Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nguvu ya uvutano ya Mirihi ni takribani asilimia 38 ya ile ya Dunia, kwa hiyo huku mwili unamwelemea, anatembea ameinama kati ya migomba, na amwonaye kwa mbali hudhani ananyemelea kitu. Usiku hujitumbukiza katika bwawa linalokusanya maji ya mfereji wa kumwagilia, ambayo majirani huyatumia kwa zamu, ili maji yambebe apumzike, lakini mgongo wake huziba tundu la kutolea maji, na alfajiri jirani wa chini, ambaye zamu ni yake, hukuta mfereji mkavu. Mwizi wa maji ameshapatikana, na hakuna aliyesema uongo. Kisa cha namna hii ni bora kuliko cha majirani waliochorwa kuwa wajinga au wakatili, kwa maana mtoto anaweza kuzielewa pande zote mbili.

Maneno yasimulie dhana ya majirani, nazo picha zionyeshe ukweli. Sentensi ikisema "Mwizi amerudi", picha imwonyeshe mgeni amejinyoosha majini kwa raha. Ukiongeza kwamba alikuwa amechoka, umemnyang'anya mtoto kazi yake.

Vitabu vingi vya aina hii huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa pamoja. Kunja karatasi 8 za A4 katikati, zishone kwa uzi, kisha uchore humo kwa penseli. Swali likae ukurasa wa kulia, jibu lisubiri nyuma yake. Mchoraji naye akumbuke kwamba ukiutazama Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi, kilele cha Mawenzi kiko kulia kwa kile cha Kibo; akikosea hapo, watoto wa Moshi watamcheka.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, funika maneno na uwaonyeshe watoto wa darasa la kwanza picha peke yake. Wakiweza kueleza kwa nini mfereji umekauka, maneno yanatosha na pengine yamezidi. Wakishindwa, chora upya ukurasa wa bwawa badala ya kuongeza sentensi.