Kasi ya diski isiyo ya kweli

Ukipima kasi ya mfumo wa faili wa seva ya Linux kwa amri ya dd, ikakujibu kwamba imeandika gigabaiti 2 kwa sekunde kwenye diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), usifurahi bado, kwa sababu SATA ya kizazi cha tatu haipitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde. Ulichopima ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: keneli, kiini cha Linux, huipokea data, huiweka humo, kisha huiambia programu kwamba kazi imekwisha, ilhali diski yenyewe pengine haijaguswa. Ongeza conv=fdatasync mwishoni mwa amri, na dd itangoja hadi data ifike diskini ndipo itoe hesabu.

Kwa hifadhidata, ambayo huandika vipande vidogo vidogo huku na kule, dd haifai hata hivyo; tumia fio, programu ya kupima diski, ukiweka direct=1 (iiruke RAM), bs=4k (vipande vya kilobaiti 4) na rw=randwrite (iandike huku na kule), na uielekeze kwenye faili ya majaribio, kamwe si kwenye /dev/sda, yaani diski yenyewe nzima, maana itaandika juu ya data yako.

Seva ikilalamika kwamba nafasi imekwisha ilhali df -h inaonyesha ipo tele, endesha df -i. Huenda ainodi (rekodi za mfumo wa faili, ambazo kila faili huhitaji moja) ndizo zilizokwisha, zimemalizwa na faili ndogo ndogo za sesheni ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta.